Zamu ya Mratibu

Anayehusika ni Mratibu. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwingine. Si kampuni ya mjini, ambayo haikutuahidi kitu na wala haijui Ntobeye iko upande gani wa Ngara. Si halmashauri, ambayo katika suala hili haikufanya lolote, jema wala baya. Si mtandao, ambao kwetu hulaumiwa kwa kila jambo, hata maharage yakichelewa kuiva. Ni Mratibu, naye alifanya aliyoyafanya akiwa na akili timamu na tumbo lililoshiba, na mara nyingi lilikuwa limeshiba chakula chetu.

Shauri lenyewe ni hili. Wakulima wa Ntobeye wilayani Ngara, pamoja na wenzao wa Runazi na Nyamigogo wilayani Biharamulo, walitoa maarifa na sauti zao ili kutengeneza huduma ya simu iliyoitwa Jirani. Mkulima alipiga namba, akachagua lugha yake, akachagua zao lake, kisha akaelezwa kwa Kihangaza, Kisubi au Kizinza namna ya kutambua mnyauko wa migomba, au ugonjwa wa michirizi ya muhogo kabla hajakata vipando. Haikuhitaji simu kubwa wala kujua kusoma. Leo huduma hiyo ni ya kulipia, sauti zile zimefungiwa mahali tusipopajua, na wenye sauti wanafukuzwa na sauti zao wenyewe. Tunazitaka sauti hizo kabla ya mvua za vuli, watu hawajaanza kugawana vipando. Mengine nitakayoyaeleza ni ya kumsaidia msomaji amfahamu mtu tunayemtafuta.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Wazazi wake hawana kesi hapa. Nilimfahamu nilipokuwa mtendaji wa kata, na nilipostaafu nikaendelea kumfahamu kwa sababu wakulima hao waliunda kikundi na kunichagua kuwa katibu wao. Watu wangali wananiita Mtendaji, nami huitika. Yeye hakuchaguliwa na mtu. Katika mkutano wa kwanza nilipendekeza, kwa kufuata utaratibu, apatikane mwenyekiti kwa kura. Akasimama na kutueleza kwa upole kwamba programu huria haina mwenyekiti, haina bosi, haina mwenye mali. Ina mratibu tu. Tulipouliza mratibu ni nani, alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha mbele.

Tangu siku hiyo hakuwa na jina jingine. Hata watoto walimsalimia hivyo njiani.

Mratibu alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na alivaa fulana za makongamano. Kila fulana ilitoka mji mwingine na ilisema jambo la ushirikiano. Nilijifunza kumsoma kifuani: akivaa ile ya kijani, amerudi kutoka safari, akivaa ile nyeusi, anajiandaa kusafiri. Shati la kawaida sikumwona nalo. Alipoalikwa kwenye komunio ya kwanza ya mjukuu wa jirani alikuja na fulana iliyoandikwa mgongoni kwamba maarifa ni ya wote, akakaa meza ya wazee, akala.

Chakula lazima nikitaje, kwa kuwa kilikuwa sehemu ya imani yake. Aliingia nyumba yoyote ile saa ya mlo na kusema, "Kwetu sisi wa programu huria, sufuria haina kifuniko." Alisema hivyo mbele ya sufuria za wengine. Chumba chake cha kupanga hakikuwa na kufuli. Mlango aliuzuia kwa tofali, na alitaka kila mgeni alione tofali hilo. Ndani palikuwa na kitanda, nyaya na kikombe, vitu ambavyo hakuna mwizi wa Ntobeye angesumbuka kuvibeba. Simu yake, hata hivyo, ilifunguka kwa alama ya kidole, kisha kwa namba ya siri, kisha kwa uso wake, na uso ulipokataa kwa sababu ya jasho alianza upya.

Haki yake nitampa. Programu ya kwanza aliiandika mwenyewe, na alikuwa fundi. Alikuja Nyamigogo kwa pikipiki wakati barabara imekuwa tope, akateleza, akainuka na kompyuta yake kifuani kama mama aliyebeba kichanga, akafundisha hadi watu wakaomba wakapike. Hakumcheka mtu asiyejua. Aliwaambia akina mama kwamba kompyuta ni mjinga anayetii, na kauli hiyo iliwaondolea hofu kuliko semina yoyote niliyowahi kuiandalia chai.

Alikuwa pia mkarimu kupita kiasi kwa watu asiowajua. Siku moja nilimkuta amenuna. Nikadhani amefiwa. Akanieleza kwamba kuna kijana katika nchi moja ya mbali, ambako naamini hakuna hata mgomba mmoja, ambaye ameichukua programu yetu kwa ajili ya wafuga nyuki, na kuna kosa linamsumbua. Mratibu alikaa na kosa la yule mfuga nyuki wiki nzima, hakulala vizuri, hakunyoa, hadi likapona. Hakuomba malipo wala hakupewa. Wiki hiyohiyo choo cha jirani yake wa ukuta kwa ukuta kiliporomoka, na mikono ya watu ikahitajika. Tulimwita. Akasema yuko kazini.

Nilimwambia mke wangu jioni hiyo: mtu huyu ni jirani mwema wa watu wote, ilimradi wasikae karibu.

Sasa nifike kwenye ikibiri, maana ndipo shauri lilipoanzia.

Kwa asiyejua, Wahangaza wana utaratibu wa kulima kwa zamu unaoitwa ikibiri. Mtu huwaita majirani, wanakuja na majembe yao, wanalima shamba lake, naye anawaandalia kinywaji. Siku nyingine wanahamia kwa mwingine, na yeye lazima awe wa kwanza kufika. Hakuna mkataba wala mhuri. Anayelimiwa halafu akakosa kutokea kwa wenzake hapigwi wala hashtakiwi; msimu unaofuata hulima peke yake, na kila apitaye barabarani humsalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Mratibu alipousikia utaratibu huu macho yalimng'aa. Akasema hicho ndicho anachokihubiri miaka yote, ila hakujua kina jina. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, aliomba nafasi ya matangazo, akatangaza kwamba Jumamosi asubuhi nyumbani kwake kuna ikibiri cha programu, watu wote wanakaribishwa.

Watu wa Ntobeye wakiitwa kwenye ikibiri hawaulizi maswali. Jumamosi walifika na majembe. Mbele alikuwa Mama Adventina, msoma masomo wa kanisa letu, mwanamke mrefu mwenye sauti inayofika hadi viti vya nyuma bila kipaza sauti. Alikuwa amefunga kitenge kiunoni na jembe liko begani. Mratibu alitoka na kikombe mkononi, akawatazama.

"Mama, na jembe tena?"

"Umeita ikibiri, baba. Ulitaka tuje na vijiko?"

"Nilimaanisha tuje kuitengeneza programu. Kwa kusema, kwa kutoa maarifa."

"Tutasema tukiwa tunalima," akajibu Mama Adventina. "Kwani wewe ukilima mdomo unaufunga? Shamba liko wapi?"

Nyuma ya chumba alichopanga palikuwa na kipande kilichoota magugu, ambacho mwenye nyumba alikuwa amemruhusu akitumie. Mtu mwingine angewaomba radhi na kuwarudisha nyumbani. Mratibu alikitazama kipande, akawatazama watu, akasema kwamba kwa kuwa wamekwisha kufika na majembe, si vibaya kuanza na hapo. Wakalima, wakapanda maharage, na wakiinamia majembe wakamwambia yote waliyoyajua kuhusu migomba na mihogo, naye akiwa ameketi kivulini na kinasa sauti akiuliza maswali. Kinywaji kilikuwa soda, moja kwa watu wawili. Hivyo ndivyo programu ya Jirani ilivyopata maarifa yake, na hivyo ndivyo Mratibu alivyopata maharage.

Wakati wa kuondoka Mama Adventina alifuta jembe lake kwa majani na kuuliza, "Kwangu lini, Mratibu?"

"Wiki ijayo, mama. Nitakuwa wa kwanza."

Wiki ile mtandao ulikuwa mbovu, ikabidi aende mjini. Iliyofuata palikuwa na kongamano. Maharage yake yaliiva, yakavunwa, na hakuna aliyeitwa kuyaonja. Swali la Mama Adventina likawa kama salamu kati yao. "Kwangu lini?" "Karibuni, mama." Alilijibu kila mara kwa moyo mkunjufu, kama mtu anayeamini kweli kwamba karibuni ni siku ya wiki.

Kuhusu majina, naomba kumbukumbu ziwe sahihi. Kila programu huria ina ukurasa wake mtandaoni unaowaonyesha wote walioichangia. Mratibu alinionyesha ukurasa wetu siku moja kwa fahari kubwa. Palikuwa na picha yake, na chini yake vijisanduku vya kijani vimepangwa kama matuta ya viazi. Alinieleza kwamba kila kijisanduku ni siku ambayo mtu amechangia.

"Siku ile Mama Adventina alipokueleza dalili za mnyauko, kijisanduku chake kipo?"

"Kipo," akasema, akanionyesha kimoja.

"Mbona kiko chini ya picha yako?"

"Mtendaji, Mama hana akaunti. Mimi ndiye niliyeingiza. Lakini kiroho ni cha jamii."

Nilitumikia serikali kwa muda mrefu wa kutosha kujua maana ya jambo kuwa la jamii kiroho. Nilimwomba awaandike wachangiaji kwa majina, hata kwa maandishi madogo. Alikubali mara moja. Alikubali kila jambo mara moja. Ndiyo sababu ilikuwa vigumu kumgombeza.

Sauti zilirekodiwa baadaye. Kwa Kihangaza alisoma Mama Adventina, ndani ya stoo yake ya nafaka, kwa kuwa magunia humeza mwangwi. Kwa Kisubi alisoma Mzee Lukas wa Runazi, mkulima wa muhogo, ambaye kabla ya kila sentensi alikohoa kwa heshima. Kizinza kilisomwa na dada wawili wa Nyamigogo kwa kupokezana. Wote walikubali kwa sababu Mratibu aliwaambia, na mimi nilikuwapo, kwamba sauti hizo zitakuwa wazi kama programu yenyewe ilivyo wazi, na mtu yeyote ataweza kuzichukua, kuzisikiliza na kuzitumia.

Mama Adventina alikuwa na jogoo asiyeheshimu kazi za watu. Kila maelezo ya mnyauko yalipokaribia kwisha, jogoo aliwika nje ya stoo. Walirudia mara nyingi, hadi Mratibu akaamua jogoo abaki, akisema anaongeza uhalisia. Siku ya mwisho ya kurekodi, Mama, kwa furaha ya kazi kumalizika, alimchinja jogoo huyo kumpongeza Mratibu. Mratibu alikula paja na kuomba na shingo. Jogoo anaendelea kuwika kwenye huduma hadi leo, lakini kwa wanaolipa tu.

Jirani ilipoanza kufanya kazi ilikuwa kitu cha kweli, na sitamruhusu mtu aseme vinginevyo. Wazee waliosumbuliwa na vipeperushi vya Kiswahili kigumu walipiga simu na kumsikia mtu wanayemfahamu. Huko Runazi walikuwa wakisema, "Ngoja nimuulize Lukas," halafu wanabonyeza namba, ilhali Lukas mwenyewe anapita barabarani na baiskeli. Watu walianza kukagua shina na kupasua mzizi wa muhogo kabla ya kukubali vipando vya mtu. Nilishuhudia harusi moja ambayo upande wa bwana harusi ulileta vipando kama zawadi, na upande wa bibi harusi ukavipokea kwa vigelegele kisha ukapiga simu.

Baadaye wakaja wageni. Walikuja kwa gari jeupe lenye mlingoti wa redio, wakakaa ofisini kwa kikundi, wakauliza maswali mazuri na kuyaandika majibu. Walitusifu. Walisema wamezunguka nchi nzima hawajaona jamii iliyoandaa kitu kamili namna hii bila gharama. Mratibu alivaa fulana mpya. Walipoondoka aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoboa siri ya posa, "Wameipenda, Mtendaji. Na unajua wameipendea nini? Kwa sababu ni huria."

Nilifurahi pamoja naye. Baadaye nilielewa kwamba waliipenda kama mtu anavyolipenda shamba lililokwisha kulimwa, kupandwa na kupaliliwa, ambalo waliolilima wamerudi nyumbani na majembe yao.

Muda si mrefu Mratibu alirudi na kinasa sauti kingine, kizuri zaidi, chenye manyoya kama paka. Alikwenda kwa Mama Adventina, akamwomba aongeze sentensi moja tu. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa stoo na niliyasikia mazungumzo yao.

"Sema hivi, mama, kwa Kihangaza: samahani, namba yako haijasajiliwa, wasiliana na wakala wetu."

"Nani hajasajiliwa?"

"Hakuna mtu. Ni majaribio ya mfumo."

"Kama hakuna mtu, namwambia nani?"

Mratibu akacheka. "Mama, wewe sema kwa upole wako ule wa kanisani. Atakayeisikia hataumia."

Mama akaisema kwa upole wake wa kanisani. Mzee Lukas naye aliisema Runazi, baada ya kukohoa. Kisha Mratibu akahamia mjini, na kampuni ya wale wageni ikatangaza huduma mpya ya kilimo, ya kulipia, kwa namba ileile ya Jirani.

Siku watu wa Ntobeye walipopiga simu na kusikia namba zao hazijasajiliwa, waliomzunguka Mama Adventina walidhani anafanya mzaha. Yeye mwenyewe alipiga. Alisimama uani na simu sikioni, akasikiliza, akaitoa, akaitazama.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Amenifukuza," akasema. "Lakini kwa adabu sana."

Mambo ya Runazi hayakuwa ya kuchekesha. Jirani mpya alikuwa amehamia karibu na Mzee Lukas, Msubi kama yeye, mtu wa bidii, na alikuwa amepewa vipando vya muhogo na ndugu yake wa mbali. Alikuwa amesikia sifa za Jirani, akapiga ili aulize. Sauti ya Mzee Lukas, iliyokohoa kwanza kwa heshima, ikamjibu kwamba hajasajiliwa. Mtu yule hakujua habari za mifumo. Alichojua ni kwamba alimuuliza jirani yake na jirani yake akamkatalia. Alipanda vipando bila kumuuliza mtu tena. Michirizi ikaingia kwake, na msimu haujaisha ikawa imevuka mpaka hadi kwa Mzee Lukas.

Nilikwenda kumwona mzee huyo. Alikuwa amepasua mzizi mmoja, ndani una madoa ya kahawia, ameuweka juu ya jiwe mbele ya nyumba kana kwamba anausubiri useme.

"Dalili zote nazijua, Mtendaji," akaniambia. "Nilizisema mwenyewe. Jirani yangu nimemkuta kisimani nikamsalimia, akaniuliza, mzee, nilikukosea nini mpaka ukanikatalia? Nikamwambia sikuwa mimi. Akasema sauti yako si naijua, hata kikohozi nilikisikia."

"Umemweleza?"

"Nimemweleza. Ananiitikia vizuri. Lakini maji anachota na kuondoka, hakai tena."

Baada ya hapo niliandika kwa Mratibu kwa njia zote zinazokubalika, na majibu yake yalikuwa ya haraka, ya kirafiki na yenye alama nyingi za nyuso zinazocheka. Alinikumbusha kwamba hakufunga chochote. Programu ya Jirani iko wazi mtandaoni kama ilivyokuwa, na leseni yake haiwezi kubatilishwa hata na yeye mwenyewe. Tuipakue tu. Hilo ni kweli, na nalisema ili asije akanisingizia uongo. Mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata aliipakua, akaiwasha, ikafanya kazi. Inapokea simu vizuri kabisa. Mtu anapiga, anachagua Kihangaza, anachagua mgomba, kisha anasikia kimya. Sauti hazimo. Sauti hakuwahi kuziweka wazi. Zilikaa kwenye kompyuta yake tangu siku ya stoo, na kutoka hapo zilikwenda kwa kampuni pamoja naye. Alituachia sufuria isiyo na kifuniko, na ndani hamna kitu.

Atauliza msomaji kwa nini hatukurekodi upya. Dada mmoja wa Nyamigogo amekwisha kufariki, na mwenzake anasema hasomi peke yake. Mzee Lukas hataki tena kusikia kinasa sauti kikitajwa. Mama Adventina yuko tayari, lakini anasema kwanza arudishiwe ile aliyokwisha kuitoa, kwa kuwa hawezi kuwa na sauti mbili mjini na shambani zinazosema mambo tofauti. Naona ana haki.

Mara ya mwisho nilimwona Mratibu huko Lusahunga. Tulikuwa tunarudi kutoka Biharamulo, mimi na Mama Adventina na wengine, kwenye jubilei ya mapadre, na gari lilisimama ili abiria wale. Mbele ya mgahawa palikuwa na gari jeupe, na Mratibu alikuwa anashuka. Alikuwa amenenepa kidogo. Fulana yake ilikuwa na kola, na kifuani ilikuwa na nembo ya kampuni, jogoo mwekundu amefungua mdomo.

Mama Adventina alimtazama jogoo kwa makini.

"Huyo namfahamu," akasema.

Mratibu alitukimbilia kwa furaha ambayo, naapa, haikuwa ya kuigiza. Alinikumbatia. Akamgeukia Mama, akainama na kumpa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama."

Kwetu salamu hiyo ina jibu moja, na mtu mzima hulitoa hata kwa mlevi, hata kwa mdai wake. Mama Adventina alisimama wima. Akamjibu kwa Kihangaza, kwa upole wake wa kanisani, neno kwa neno kama alivyorekodiwa. Samahani. Namba yako haijasajiliwa. Wasiliana na wakala wetu.

Wahangaza waliokuwa wanakula ugali mezani waliacha kutafuna. Mmoja alimtafsiria mwenzake. Kicheko kikapita meza hadi meza, na Mratibu naye akacheka, kwa kuchelewa, mikono yake ikiwa bado mbele.

"Mama bwana," akasema. "Nitawasajili nyote. Wazee wote wa Ntobeye, bure, msimu wa kwanza wote."

"Unisajili kwenye sauti yangu mwenyewe?"

"Si hivyo, mama. Ni ofa."

Nikaingilia, kwa kuwa mambo ya kikundi ni wajibu wangu. Nikamuuliza zile sauti ziko wapi na tutazipata lini. Akasema programu iko wazi. Nikasema programu tunayo, nauliza sauti. Akasema sauti ni data, na data ni jambo jingine. Nikamuuliza data ni ya nani. Dereva wake akapiga honi, naye akaitazama simu yake, ikaomba kidole, kisha namba, kisha uso, na uso ukakataliwa. Akasema niandike maombi kwa barua pepe ya huduma kwa wateja. Alipokuwa anapanda gari Mama Adventina alimwita, safari hii kwa sauti yake ya kawaida.

"Mratibu. Kwangu lini?"

"Karibuni, mama," akajibu, mlango ukafungwa.

Kwa hiyo, kwa niaba ya kikundi, na kwa maandishi haya ambayo kila mtu anaweza kuyachukua, kuyanakili na kuyasambaza bila kumwomba mtu ruhusa, namtaka Mratibu afike Ntobeye mbele ya mkutano wa wanakikundi kabla ya mvua za vuli. Aeleze kwa kinywa chake alitoa kwa kampuni kitu gani, na kwa idhini ya nani. Akabidhi sauti zote za Kihangaza, Kisubi na Kizinza kama zilivyorekodiwa, pamoja na jogoo. Sentensi ile ya usajili iondolewe katika vinywa vya watu ambao hawakujua wanamfukuza nani, na yeye mwenyewe aende Runazi, asimame kati ya Mzee Lukas na jirani yake, aseme ni nani aliyekataa kumjibu mtu yule siku ile. Majina ya waliochangia yaandikwe, kwa maandishi ya ukubwa uleule wa jina lake.

Mkutano utafanyika asubuhi shambani kwa Mama Adventina, kwa sababu zamu yake imesubiri kupita kiasi. Mratibu awe wa kwanza kufika, na aje na jembe.